Bwana Lakiri na Hundi ya Mashimba

Watu wa Bariadi walimwita Bwana Lakiri, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Severine Nkinda alikuwa na chumba kimoja cha posta kilichobanwa kati ya duka la nguo na ghala la pamba, chenye dirisha la nondo, mizani ndogo ya shaba na sanduku la chuma lililopigiliwa sakafuni. Ukienda kwake na barua yenye kitu ndani ulijua umekwenda kuchelewa. Angeigeuza, angeinyanyua kwenye mwanga, angeibonyeza kwa kidole gumba asikie kama inachakarika, kisha angekurudishia bila kupandisha sauti: "Humu mna noti. Kaitoe, uje nikuandikie posta oda." Ungeapa kwa mama yako mzazi kwamba ni picha ya mtoto tu. Naye angekutazama hivyo hivyo, mikono juu ya meza, mpaka aibu ikuingie mwenyewe.

Alikuwa msumbufu, hilo halina ubishi. Lakini miaka minne tangu apewe ufunguo wa chumba kile, haikupotea barua hata moja iliyopitia mikononi mwake, na hilo nalo halina ubishi. Waliomsema vibaya asubuhi ndio waliompelekea barua zao za maana mchana.

Alizaliwa Nassa, ufukweni mwa ziwa, kwa mama aliyeitwa Klementina, aliyenunua samaki kwa wavuvi, akawakausha na kuwabeba kichwani kutoka mnada mmoja hadi mwingine. Mama huyo ndiye aliyempeleka kwa mapadre akajue kusoma, na vita ilipokuja ndiye aliyemsindikiza hadi barabarani. Kutoka Burma Severine alimtumia noti mara tatu. Kila mara aliikunja ndani ya barua ya kawaida, na ndani ya barua hakuitaja, kwa kuogopa macho ya yule atakayemsomea mama. Barua zilifika zote tatu. Noti haikufika hata moja, na nani alizichukua hakuna ajuaye hadi leo.

Aliporudi mwaka 1946 mama alimchinjia kuku, akamtazama anavyokula, kisha akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, huko ulikokuwa watu hawalipwi?" Severine aliurudisha mnofu sahanini. Kumbe muda wote ule mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe anatuma salamu tu. Alimweleza yote, na mama alimwamini, au alisema amemwamini. Hiyo "au" ilimkaa kooni hata baada ya mama kufa, na mtu asiyeijua hakumwelewa Severine Nkinda hata kidogo.

Hundi za benki zilikuwa chache siku zile. Karani wa kinu cha pamba alikuwa nazo, mapadre walikuwa nazo, na kati ya wakulima alikuwa nayo mmoja tu, Mzee Mashimba wa Ngulyati, mwenye zizi la ng'ombe lisilohesabika kwa kutazama mara moja. Huyu alikuwa amefungua akaunti Mwanza baada ya msimu mzuri wa pamba, akarudi na kitabu cha hundi amekifunga kwenye kitambaa cheupe. Watu walitembea maili kadhaa kwenda kukiona. Severine naye alikwenda, lakini yeye alikwenda kumfundisha. Alimwambia asitie sahihi kabla karatasi haijajazwa. Alimwonyesha namna ya kuanza kuandika pembeni kabisa na kupiga mstari panapobaki nafasi, mtu asipate pa kuongeza neno, na namna ya kuchora mistari miwili ya kukingama ili hundi isilipwe mkononi mwa yeyote, iingie tu kwenye akaunti ya mwenye jina. Kisha alimwambia aifunike hundi ndani ya karatasi nyingine nene, bahasha isije ikaonyesha kilichomo.

Mpaka hapo mzee alikubali. Walichogombania ni salamu. Msukuma akikutana na mwenzake njiani hampiti kimya. Ataulizwa ametoka wapi, anakwenda wapi, kabeba nini, nyumbani wameamkaje na ng'ombe je, na mtu mwenye adabu hujibu yote. Severine alitaka anayepeleka hundi posta aseme anakwenda kununua chumvi.

"Unanifundisha uongo, kijana," Mashimba alisema.

"Basi nunua na chumvi kweli, namhala," Severine akamjibu, akimwita kwa heshima ya mzee wa Kisukuma. Tangu siku hiyo nyumba ya Mashimba haikukosa chumvi.

Sasa ikawa Januari ya 1955. Binti yake Mashimba, Wilhelmina, alikuwa amemaliza darasa la nane kwa masista na kupata nafasi ya kujifunza uuguzi katika chuo cha misheni ng'ambo ya ziwa. Barua ya chuo haikuzunguka mbuyu: ada na malipo ya sare yafike kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi anapewa anayefuata. Basi la posta lilipita Bariadi Jumatatu na Alhamisi, saa nane mchana, kuelekea Mwanza kupitia Nyashimo. Barua itakayoikosa Alhamisi ile ingeikosa na meli ya kuvuka ziwa, na itakayoikosa meli ingekuwa imechelewa. Msichana alikuwa na miaka kumi na minane, na wachumba walikwisha leta maneno mara mbili. Baba alikuwa amewaambia wasubiri jibu la chuo. Hakuna aliyedhani wangesubiri mwaka mwingine.

Saa nne ya Alhamisi hiyo Severine alikuwa akiyeyusha lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia barua, kwenye mshumaa kwa ajili ya barua ya rejista ya Constantine, mwalimu wa dini wa kigango chao. Waliheshimiana sana hao wawili. Constantine akiwa safarini, Severine ndiye aliyesimama mbele na kuongoza sala. Nje walikuwa wamefika Wilhelmina na shangazi yake Nyanjige, dada mkubwa wa Mashimba, kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa amevimba mguu na hawezi kutembea.

"Mwangaluka, mayu," Severine alimwamkia yule bibi kama mama.

"Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?" bibi aliitikia, akimwita mwanangu na kumuuliza kama ni salama.

"Mhola duhu. Mmekuja kununua chumvi?"

"Tumekuja kununua chumvi," Nyanjige alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akatoa bahasha kifuani.

Severine aliipokea, na kabla hajaipeleka kwenye mizani alisita. Katikati ya bahasha palikuwa na doa la mafuta, upana wa shilingi, na lilikuwa linaenea. Aliinusa. Ilinuka samli na kitu kilichoungua.

"Mayu, humu mmetia nini?"

Nyanjige hakuona cha kuficha. Katika nyumba ya baba yao hakikutoka kitu cha thamani bila kinga. Ng'ombe walipopelekwa mnadani walipakwa, vijana walipokwenda vitani walipakwa, na karatasi hii ilibeba maisha ya mtoto wa kaka yake. Kwa hiyo alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala, alikuwa ameifungua bahasha, akaipaka hundi dawa nyeusi ya familia iliyochanganywa na samli, mbele na nyuma bila kusahau pembe, akairudisha na kubandika upya kwa uji wa ugali.

Wilhelmina alijishika mdomo. Hakuwa anajua. Akashika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili.

"Shangazi, wataikataa," alisema.

"Nani akatae? Madume ya baba yako yalipakwa hii hii, yakarudi fedha tupu."

Severine hakucheka, ingawa wengine kwenye foleni walicheka. Alieleza taratibu kwamba karani wa benki hununua maandishi, hanunui karatasi. Akiona wino umetambaa na sahihi imefunikwa weusi, atairudisha, na itakaporudi mwezi utakuwa umekwisha. Ni lazima bahasha ifunguliwe. Na yeye hana ruhusa ya kuifungua. Aifungue mwenyewe aliyeileta.

"Hapana," Nyanjige alisema. "Kinga ikishafungwa kwa safari haifunguliwi njiani. Inamgeukia mtoto."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Severine alimtazama yule bibi na kuona kwamba amemshika Wilhelmina bega kama anayemkinga. Hakuwa mkaidi, alikuwa anaogopa, na alikuwa anaogopa kwa ajili ya msichana yule yule ambaye Severine naye alimwogopea. Angeweza kumwambia ni upuuzi. Wapo makarani wengi ambao wangesema hivyo, wakafunga dirisha wakanywa chai.

Nyanjige alinyoosha kidole kwenye lakiri. "Mbona na wewe unapaka? Hiyo nyekundu ni dawa ya nani?"

"Ya posta, mayu. Ila yangu inakaa nje. Haigusi maandishi."

"Na yangu ingekaa nje wapi?"

Severine alizima mshumaa. Kisha alisema neno ambalo Bariadi ililizungumza mwaka mzima: "Kwa mbebaji. Karatasi haitembei yenyewe, mayu. Mimi ndiye ninayeipokea na kuitia kwenye gunia. Twende nyumbani, kinga ifunguliwe pale pale ilipofungwa, mzee aandike hundi nyingine safi, na dawa unipake mimi."

Constantine alikuwa bado pale, risiti yake mkononi. "Severine," alisema, "unajua unalosema?"

"Najua, mwalimu."

"Mimi nitalazimika kumwambia padre."

"Mwambie. Lakini sasa hivi nipishe mlangoni, nina baiskeli ya kutoa."

Alifungia barua zote kwenye sanduku la chuma, akafunga chumba, akaweka funguo mfukoni. Kwa miaka minne dirisha lile halikuwahi kufungwa saa ya kazi. Alimwachia Wilhelmina kazi moja: basi likija, lisiondoke. Namna ya kulizuia hakumwambia kwa sababu hata yeye hakuijua.

Bibi Nyanjige hakuwa amepanda baiskeli tangu azaliwe. Alikalishwa upande nyuma kwenye keria, akamshika Severine kiuno kwa nguvu za mtu anayezama, akafumba macho na kumkaripia njia nzima. Mvua ya jana ilikuwa imeigeuza barabara kuwa tope jeusi, lile la mbugani linaloshika gurudumu na kulikataza kuzunguka. Mara nne Severine alishuka na kusukuma, bibi akiwa amekaa juu vile vile, maana alisema akishuka hapandi tena. Wanawake waliokuwa wakipalilia pamba walisimamisha majembe kutazama. Salamu zikaja kutoka kila shamba, mnatoka wapi, mnakwenda wapi, na Nyanjige akajibu zote kwa ukamilifu wake, "Chumvi! Chumvi!"

Walifika Ngulyati saa sita. Mashimba alisikiliza habari nzima akiwa amenyoosha mguu juu ya kigoda, akamtazama dada yake kwa muda mrefu, wala hakumgombeza. Nyanjige aliifungua bahasha kizingitini, akasema maneno yake kwa sauti ya chini, akachoma hundi iliyopakwa na kumwaga majivu uani. Mashimba akafungua kile kitambaa cheupe, na wote watatu wakaona kwa pamoja. Kitabuni ilikuwa imebaki karatasi moja.

Na aliyekuwa akimwandikia hundi zake zote ni Wilhelmina; mzee alitia sahihi tu. Sasa Wilhelmina alikuwa Bariadi akingojea basi.

"Andika wewe, Nkinda," mzee alisema.

Severine alikataa, na walio wengi wangemwona mpumbavu. Hakuwahi kuandika neno juu ya hundi ya mtu, na hakutaka siku yoyote aulizwe kwa nini mwandiko wa mtu wa posta uko juu ya fedha iliyopita posta. Alikata bua la mtama, akasawazisha udongo laini wa uani kwa mguu, akaandika chini jina la chuo kwa herufi kubwa. "Nakili hapo chini yangu, namhala. Ukikosea, tunafuta kwa mguu."

Mzee akavutwa pamoja na kigoda chake hadi uani. Aliandika udongoni, akakosea, wakafuta. Akaandika tena. Nyanjige aliwafukuza mbuzi na kuku kwa kanga, akamnyamazisha kila aliyeingia, hata jirani aliyekuja kusalimia tu. Mara ya tano jina lilitoka kamili, tarehe ikatoka kamili, na maneno ya kiasi yakatoka yamenyooka. Ndipo Severine akampa kalamu na ubao wa kuegemea, akageuka pembeni asimtie wasiwasi. Mtu aliyefuga mamia ya ng'ombe na kumkabili fisi kwa mkuki alikuwa anatokwa jasho puani juu ya kipande cha karatasi. Alipomaliza sahihi alishusha pumzi, akasema, "Tazama."

Ilikuwa safi. Severine alimwamuru achore ile mistari miwili, akamwambia anakili namba ya hundi kwenye kipande kinachobaki kitabuni, wakaifunika kwa karatasi nene na kuitia kwenye bahasha mpya. Kisha akavua kofia, akapiga goti mbele ya Nyanjige.

"Viganjani hapana, mayu. Nitachafua hundi."

Bibi alimpaka kipajini, mstari mnene mweusi, na mwingine shingoni. Severine alifumba macho. Alikuwa Mkristo wa kweli na ilimuuma, na kwa sababu ilimuuma tunasema alikuwa mtu mkubwa. Ingekuwa haimgharimu kitu, isingekuwa habari.

Safari ya kurudi alikuwa peke yake, na alipanda baiskeli ile kama mwizi wa ng'ombe anayekimbizwa. Saa nane ikapita akiwa bado porini. Aliposhika mtaa wa maduka aliona basi limesimama na watu wamejaa barabarani. Wilhelmina alikuwa amekaa chini, mbele ya gurudumu la kulia, miguu ameinyoosha, gauni lake la Jumapili limelowa tope. Dereva alikuwa amepiga honi, akaomba, akatukana, na abiria wakatukana zaidi yake. Msichana aliyekuzwa kuwapigia wakubwa magoti alikuwa amejibu wote neno moja tu, kwamba barua inakuja.

Severine alipita katikati yao na ile alama yake kipajini. Watu walimpisha. Alifungua chumba, akapima, akabandika stempu, akachora mistari ya kalamu ya buluu inayoonyesha rejista, akawasha mshumaa na kumwaga lakiri, akapiga muhuri na kuandika risiti, asiruke hatua hata moja ingawa dereva alikuwa amekanyaga mafuta kwa hasira. Alimpa Wilhelmina risiti kupitia nondo. Gunia likapanda, basi likaondoka. Ndipo alipokaa.

Constantine alitimiza alilosema, na tusimlaumu. Hakuwa mtu wa chuki, na usiku ule alikosa usingizi kwa ajili ya rafiki yake. Padre alitoa hukumu: Severine asiongoze sala, asipokee Komunyo, na akae benchi la mwisho, peke yake, hadi Pasaka. Severine hakujitetea. Jumapili iliyofuata alitoka mstari wa mbele, akapita katikati ya kanisa huku watu wakimtazama, akakaa karibu na mlango. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke mezani kwa mama yake alijiona mdogo, na alilia, kimya, uso ameuelekeza ukutani.

Katikati ya Februari jibu la chuo lilifika. Fedha imepokelewa, siku mbili kabla ya mwisho, mwanafunzi aje. Nyanjige alizunguka Ngulyati yote na Bariadi yote akitangaza kwamba dawa ya baba yao haijawahi kushindwa, wala posta hakuitaja. Watu walipomuuliza Bwana Lakiri, alisema barua imefika salama, akaomba anayefuata asogee dirishani. Wilhelmina aliondoka kwa basi lile lile alilolizuia, na dereva yule yule akambebea sanduku.

Ila kabla hajaondoka alikuwa amemwambia shangazi yake jambo aliloliona kanisani.

Jumapili iliyofuata, sala imekwisha kuanza, mlangoni aliingia bibi mwenye fimbo, miguu imejaa tope la Ngulyati. Wanawake walimwonyesha upande wao. Akawapita. Constantine alimfuata, akamwinamia, akamweleza kwa heshima kwamba upande ule ni wa wanaume, na tena benchi lile la mwisho ni la adhabu.

"Nimesikia," Nyanjige alisema, na hakushusha sauti. "Dawa ilikuwa yangu. Mtoto ni wa kwetu. Huyu mnamweka peke yake kwa nini?"

Constantine alirudi nyuma hatua moja. Kanisa zima lilikuwa limegeuka. Severine alisogea, akapangusa benchi kwa kitambaa chake, na yule bibi akakaa. Alikuja hivyo kila Jumapili, kwa miguu, hakuelewa sala hata moja, hadi Pasaka.